Giaboksi Haina Macho

Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam, akishamaliza kona za Kitonga, hufika Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara. Mabasi husimama hapo abiria wanyooshe miguu. Magari madogo nayo husimama, na msimu wa likizo za Desemba na Januari anayeshuka garini hupokewa na harufu mbili kwa mpigo: ya vitunguu na ya breki zilizoungua. Harufu hiyo ya pili ni kali, inakwama kooni, na hutoka kwenye magurudumu ya mbele ya IST, Raum, Noah na Harrier zilizojaa watoto, mabegi na magunia ya viazi. Karibu magari yote hayo ni otomatiki. Na mengi kati yake yameshuka mlima mzima, tangu juu hadi chini, liva ya gia ikiwa kwenye D na mguu wa dereva ukiwa juu ya breki.

Jirani na D hiyo pana kitu ambacho mwenye gari alishakilipia na pengine hajawahi kukigusa. Kwenye magari mengine ni kijia cha pembeni chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, kimeandikwa M au S. Kwenye mengine ni namba 2 na herufi L, zilizokaa chini ya D tangu gari lilipotoka kiwandani. Baadhi ya Vitz zina S na B. Magari kadhaa ya Toyota ya miaka ya 2000 yana kitufe kidogo ubavuni mwa liva, O/D, ambacho kikibonyezwa huwasha taa ya njano kwenye dashibodi. Wapo waliokibonyeza kwa bahati mbaya wakakimbilia gereji wakidhani gari limeharibika.

Vyote hivi, kwa majina na sura tofauti, hufanya kazi moja. Humrudishia dereva uwezo wa kuiambia giaboksi ishike gia gani na isivuke gia gani. Kwenye mteremko mrefu uwezo huo ni sehemu ya mfumo wa breki wa gari, sawasawa na diski na pedi, na dereva ambaye hakufundishwa kuutumia amekabidhiwa leseni kabla mafunzo yake hayajaisha.

Jambo lenyewe si geni. General Motors ya Marekani ilileta giaboksi ya Hydra-Matic mwaka 1939, ikafungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka uliofuata, na hata giaboksi hiyo ya kale ilikuwa na nafasi iliyoandikwa Lo kwa ajili ya milima. Waliobuni otomatiki walijua tangu mwanzo kwamba kuna mahali ambapo mashine itahitaji kuelekezwa na binadamu. Mwaka 1989 Porsche ya Ujerumani ikaleta Tiptronic kwenye 911 Carrera 2: otomatiki ya gia nne ambayo dereva, akiisogeza liva pembeni, aliweza kupandisha na kuteremsha gia kwa kuigusa tu. Klachi haikuwepo. Watengenezaji wengine wakafuata, na leo kijia hicho kiko kwenye Demio, Impreza, Forester na magari mengine mengi ambayo hayana lolote la kufanya na uwanja wa mashindano.

Lakini kuanzia kwa Porsche kumeacha dosari moja. Kifaa kimepata sifa ya kuwa cha wapenda mbio. Vijana wanaokitumia hukitumia usiku, kwenye barabara pana na nyoofu, ili injini ingurume. Mama anayewashusha watoto kutoka kwa bibi yao Marangu, ambaye ndiye hasa anayekihitaji, anaamini hakimhusu.

Ili kuona kwa nini kinamhusu, inafaa kwenda Usambara. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mombo, pale barabara inayopita Soni inapokutana na barabara kuu, iko kwenye mita 400 na kitu. Tofauti ni karibu mita 1,000 katika safari ya kilomita thelathini na ushee, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo yao, likishuka mita 1,000, huachia nishati inayotosha kuchukua zaidi ya lita 40 za maji ya bomba na kuyafikisha kwenye kutokota. Hizo ni ndoo mbili kubwa, zimejaa, zinachemka.

Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu yake huchukuliwa na upepo unaopingana na bodi na msuguano wa matairi kwenye lami, lakini kwenye kona za Soni, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo hauchukui kitu kikubwa. Kinachobaki kina milango miwili tu: breki au injini.

Dereva akiacha liva kwenye D, giaboksi nyingi huona gari linakwenda huku pedali ya mafuta haijakanyagwa, na hupanda gia nyepesi ili injini izunguke taratibu na inywe kidogo. Kwenye barabara tambarare huo ni uamuzi mzuri kabisa. Kwenye mteremko maana yake ni kwamba injini imejitoa kazini. Mlango mmoja umefungwa, na ndoo zote mbili zinamiminwa kwenye diski mbili za mbele na, kwa magari mengi madogo, ngoma mbili za nyuma. Ni vipande vya chuma vyenye uzito wa kilo chache kila kimoja.

Vikipata joto kupita kiasi, pedi huanza kupoteza mshiko. Dereva hukanyaga kama alivyokanyaga kona iliyopita na gari halitii kama lilivyotii kona iliyopita. Hiyo ni hatua ya kwanza, na bado kuna nafasi ya kusimama. Hatua ya pili ni mbaya zaidi na inahusu mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Mafuta ambayo hayajabadilishwa tangu gari liliposhushwa bandarini miaka mitano iliyopita yamekunywa maji ya kutosha. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba, mvuke hubonyea kirahisi, na pedali iliyokuwa ngumu dakika moja kabla huzama mpaka sakafuni.

Hapo ndipo watu husema breki zimekataa. Na gari likiokotwa, likapoa, likapelekwa kwa fundi kesho yake, fundi anaweza kukanyaga pedali akaikuta ngumu kama kawaida, kwa sababu mvuke umesharudi kuwa maji. Mwenye gari hubaki na fumbo, na wengine hulipa fumbo hilo jina la mkosi au mkono wa mtu.

Madereva wa malori wanalijua somo hili kuliko mtu yeyote, na wamelipa gharama yake. Februari 2024, Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, watu 25 walipoteza maisha katika ajali ambayo polisi walieleza kuwa ilisababishwa na lori lililofeli breki. Uzito wa lori haulingani na wa gari la familia, lakini kanuni ya joto ni ileile. Ndiyo maana kwa madereva wa masafa kuna agizo ambalo utingo hulisikia kabla hata hajaruhusiwa kushika usukani: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Agizo hilo halikuvuka kuingia kwenye magari madogo. Limeishia kwenye klachi.

Mlango wa pili, ule wa injini, hufanya kazi hivi. Liva ikiwekwa kwenye M na gia ikateremshwa hadi ya tatu au ya pili, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu. Dereva hajakanyaga mafuta, kwa hiyo mlango wa hewa umefungwa karibu wote, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa mahali ambapo hewa haipiti. Mahangaiko hayo ndiyo yanayokula mwendo wa gari. Joto lake hutoka kupitia rejeta na bomba la moshi, vyombo vilivyoundwa kubeba joto siku nzima. Breki zinabaki baridi zikisubiri dharura.

Tena jambo hilo haligharimu mafuta. Kwenye injini za kisasa za kupuliza mafuta kwa sindano, kompyuta ikiona injini inazungushwa na magurudumu huku pedali imeachwa, hukata petroli kabisa. Injini inanguruma, na haichomi hata tone.

Hili linawahusu moja kwa moja wale wanaopiga free, yaani wanaoweka liva kwenye N wakifika juu ya mlima ili gari lijiendee lenyewe na mafuta yaokolewe. Desturi hii imetoka kwenye magari ya zamani ya kabureta na imehamia kwenye otomatiki bila kuulizwa maswali. Gari lililo kwenye N linachoma petroli, maana injini lazima ijiendeshe isizime, wakati lile lililo kwenye gia ya pili halichomi. Anayepiga free amefunga mlango wa injini kwa mkono wake, amebakiwa na breki peke yake, na amelipia petroli ya kufanya hivyo. Hakuna hesabu inayomtetea.

Watetezi wa D wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Husema kompyuta ya giaboksi ina akili kuliko mguu na mkono wa dereva wa kawaida, basi iachwe ifanye kazi yake. Kwa safari nyingi wamesema kweli. Kwenye foleni ya Ubungo au ya Mombasa Road hakuna faida yoyote ya kuchagua gia kwa mkono. Giaboksi za leo hubadili gia kwa wakati muafaka na kwa ulaini ambao madereva wachache wataufikia. Honda, tangu miaka ya 1990, iliwekea magari yake mfumo wa kutambua mteremko na kushika gia nzito wenyewe, na Toyota nayo ina wa kwake. Anayetafuta kuokoa mafuta kwa kucheza na M mjini anajichosha bure.

Lakini kompyuta hiyo inajua nini? Inajua kasi ya gari, mzunguko wa injini, na jinsi pedali zilivyokanyagwa. Hayo yote ni mambo yaliyokwisha kutokea. Haijui kuwa baada ya kona hii kuna nyingine kali zaidi. Haioni lori la saruji linalojikongoja mita 200 mbele, wala moshi unaotoka kwenye magurudumu yake. Haioni ng'ombe wanaovuka, wala bodaboda aliyebeba mkaa anayeshuka bila taa. Haijui kama mteremko unaisha hapo kwenye mwembe au unaendelea kilomita nane. Giaboksi haina macho. Dereva anayo, na M imewekwa ili kile anachokiona kwa macho kiifikie giaboksi kabla hakijamfika yeye.

Hofu kubwa ya wenye magari hata hivyo ni ya mfuko. Pedi za breki ni bei rahisi, giaboksi ni mamilioni, kwa hiyo ni afadhali kuchosha kile cha bei rahisi. Mafundi wengi wa mtaani hutoa ushauri huo kwa nia njema. Unaonekana wa busara, ila umejengwa juu ya dhana kwamba kuteremsha gia kunaiumiza giaboksi, na dhana hiyo haina msingi. Giaboksi ya otomatiki hubadili gia mara nyingi sana katika safari moja ya Dar hadi Mbeya. Mara sita au saba zilizoombwa na dereva haziongezi mzigo wowote wa maana. Akiomba gia ambayo ingezungusha injini kupita kiasi, kompyuta hukataa. Magari mengine hulia mlio mfupi kumjulisha kuwa ombi halikukubaliwa, mengine hunyamaza tu na kubaki kwenye gia yaliyokuwa nayo.

Kinachoua giaboksi kwa kweli kinajulikana gereji zote: oili isiyobadilishwa, oili ya otomatiki ya kawaida kumiminwa kwenye giaboksi ya CVT inayohitaji oili yake maalumu, na kubadili kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma. Anayeionea huruma giaboksi yake aanzie hapo.

Kuna na hofu ya sauti. Gari lililozoeleka likiwa kimya huanza kunguruma, mshale wa mizunguko unapanda, abiria wa nyuma wanauliza kuna nini, na dereva anarudisha D haraka kama aliyefanya kosa. Hapo inafaa kuangalia namba. Injini nyingi za petroli za magari haya zina mstari mwekundu unaoanzia mizunguko 6,000 kwa dakika au zaidi. Gari dogo la gia nne, likiwa kwenye gia ya pili kwa kilomita 50 kwa saa, huzunguka kama mara 3,000. Ni nusu tu ya uwezo wake. Ngurumo ile ni sauti ya injini ikiwa kazini, na abiria wanaweza kuelezwa hivyo.

Namna ya kufanya haihitaji ufundi. Siri iko kwenye wakati. Gia hushushwa kabla mteremko haujaanza, si baada ya gari kushika kasi. Anayetoka Limuru kuteremka bonde la ufa kuelekea Mai Mahiu, penye lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, anatakiwa awe ameshapunguza mwendo na kushika gia akiwa bado juu. Anaanza na ya tatu. Gari likiendelea kujivuta kwa kasi, anakanyaga breki kidogo kupunguza mwendo kisha anashusha ya pili. Gia sahihi ni ile inayoliacha gari lishuke kwa mwendo unaokaribia kutulia, huku breki zikiguswa kwa nadra tu.

Na breki zenyewe zina adabu yake. Kuziwekea mguu kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakozichemsha, kwa sababu hazipati hata sekunde ya kupumua. Hukanyagwa kwa nguvu ya kutosha, mwendo ukashuka, kisha huachwa kabisa zipigwe na upepo hadi zitakapohitajika tena.

Magari yanatofautiana, na tofauti hizi zimewahi kuwachanganya hata madereva wazoefu. Kwenye Toyota na Subaru nyingi, kusukuma liva mbele ni kupanda gia na kuivuta nyuma ni kushuka. Kwenye Mazda na BMW ni kinyume chake: kuvuta ni kupanda, kusukuma ni kushuka. Anayeazima Axela ya rafiki yake asubiri kulijua hilo katikati ya mteremko wa Sekenke? Ajaribu kwanza barabara tambarare karibu na nyumbani. Kuna mtego mwingine kwenye Prado na baadhi ya Hilux zenye S: namba inayoonekana kwenye dashibodi si gia iliyoshikwa, ni gia ya juu kabisa inayoruhusiwa. S4 maana yake giaboksi iko huru kutumia ya kwanza hadi ya nne. Dereva anayedhani ameshika gia na haoni gari likijizuia anatakiwa ashuke zaidi.

Magari yasiyo na M hayajaachwa nyuma. L na 2 hufanya kazi ileile kwa njia ya zamani. O/D ikizimwa huizuia giaboksi ya gia nne isipande ya nne, jambo linalosaidia kwenye miteremko ya wastani. CVT hazina gia za meno. Zina mkanda unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, lakini S na B zake huifanya injini ivute vilevile. Kwenye Prius na Aqua, ambazo zinazidi kuonekana barabarani Kenya na Tanzania, mteremko huchaji betri ya gari hata kwenye D, lakini B huutumia pia mzunguko wa injini kulizuia gari, jambo linalosaidia hasa betri ikijaa.

Wakati wa kupanda nako kuna kazi ya M, ingawa hatari yake ni ndogo. Gari lililobanwa nyuma ya lori mlimani hupanda ya tatu, hukosa nguvu, hurudi ya pili, hupanda tena. Kila badiliko linaongeza joto kwenye oili ya giaboksi. Kushika ya pili na kutulia kunaikinga. Anayetaka kulipita lori hilo naye anafaidika kwa kushika gia ya nguvu kabla hajatoka upande wake, ili asisubiri giaboksi ifikiri wakati gari jingine linakuja mbele.

Palipo na utelezi, tahadhari inahitajika upande wa pili. Gia nzito ikishushwa ghafla kwenye tope, magurudumu yanayovuta gari yanaweza kuteleza kama yaliyopigwa breki ya ghafla. Huko gia hushushwa mapema, mwendo ukiwa mdogo, moja baada ya nyingine. Kwa kuondoka kwenye tope, gari nyingi zilizotoka Japani zina kitufe cha SNOW, ambacho wenye magari hukiona hakina maana kwa kuwa theluji iko kileleni Kibo tu. Kitufe hicho hulifanya gari lianze kwa gia ya pili ili magurudumu yasizunguke bure. Tope la Rungwe mwezi wa Aprili halina tofauti kubwa na theluji ya Hokkaido.

Kwingine duniani mamlaka hazikuliachia jambo hili hekima ya dereva mmoja mmoja. Barabara ya Pikes Peak huko Colorado, Marekani, hupanda hadi kilele cha mita 4,302. Watalii wanaoshuka husimamishwa njiani mahali paitwapo Glen Cove, na askari wa hifadhi huelekeza kipimajoto cha mionzi kwenye breki zao. Zikiwa zimepita kiwango, gari huegeshwa pembeni zipoe, na dereva huelezwa atumie gia nzito. Oman nako, Waswahili wa Maskati na Nizwa wanaijua njia ya Jebel Akhdar: chini ya mlima, karibu na Birkat al-Mawz, pana kizuizi cha polisi, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne halipandi. Njiani kuna vibao vya kuwakumbusha madereva gia nzito na njia za dharura za kuliingiza gari lililoshindwa breki.

Afrika Mashariki haikosi milima wala haikosi askari barabarani. Kinachokosekana ni somo lenyewe, na lawama ya kwanza iende shule za udereva. Mwanafunzi hujifunzia gari la manual, anafundishwa klachi, anafundishwa kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, anafanya mtihani wa polisi, anapewa leseni, kisha ananunua otomatiki ambayo hakuna mtu aliyewahi kukaa naye ndani yake akamweleza liva ile ina nini. Gia alizozilipia ada anaziacha getini mwa shule. Kenya imekwenda hatua moja mbele kwa kutenga daraja la leseni la magari madogo ya otomatiki, jambo linalokiri kwamba gari hilo lina mafunzo yake. Ila daraja hilo litakuwa na maana iwapo tu mafunzo yatafika kwenye mteremko. Anayefundishwa D, R na P pekee hajafundishwa otomatiki. Ameonyeshwa namna ya kuliondoa gari na kuliegesha.

Kinachodaiwa si kikubwa. Siku moja ya somo la otomatiki kwenye mteremko wa kweli, palipo na mteremko karibu. Swali moja kwenye mtihani wa leseni: dereva wa otomatiki hufanya nini kabla ya kuanza kushuka mlima mrefu? Karatasi moja ya Kiswahili itakayotolewa na muuza magari pamoja na funguo, kwa kuwa kitabu cha gari kinachokuja kutoka Japani, kikija, kimeandikwa Kijapani. Vibao vya gia nzito vinavyosimamishwa kwenye miteremko vionyeshe na gari dogo, kwa sababu mwenye IST akiona picha ya lori peke yake huamini hahusiki. Na Kikosi cha Usalama Barabarani, ambacho tayari huwa na askari Kitonga, kipewe kipimajoto cha mionzi cha kupimia breki msimu wa likizo.

Hayo yatachukua muda. Safari ya Desemba haitayasubiri. Msomaji mwenye gari la otomatiki anaombwa jambo moja wiki hii: aende kwenye gari lake likiwa limeegeshwa, aangalie kilichoandikwa kuzunguka liva, kisha atafute barabara tulivu, aende kilomita 40 kwa saa, ashushe gia moja na kusikiliza. Ajaribu mara tatu. Atakapofika juu ya Kitonga akiwa na familia yake, mkono utakuwa unajua pa kwenda.